Chakula cha Kihindi na cha Kichina: ulimi wako unachagua nini hasa?

Kila watu wa ofisi moja wanapochanga fedha ili wakale pamoja mwisho wa mwezi, swali huwa ni lile lile: twende kwa Wahindi au kwa Wachina? Papo hapo meza hugawanyika. Mmoja husema chakula cha Kihindi ni pilipili na mafuta tu, kinamkaba mtu koo kabla hajashiba. Mwingine hujibu kwamba afadhali hicho, maana cha Kichina mboga zake hazijaiva na mchuzi wake hauna ladha. Wa tatu huonya juu ya ule unga mweupe ambao, kwa maelezo yake, humletea maumivu ya kichwa. Nimekaa katika mabishano ya namna hii mara nyingi, na nimeshawishika kwamba wabishi hawa hawazungumzii kitu kimoja. Wanatumia neno moja, ladha, kutaja mambo manne yaliyo mbalimbali, na kila mmoja ameshika lake.

Jambo la kwanza ni ladha kwa maana yake finyu, yaani kile ambacho ulimi peke yake unaweza kukitambua. Ulimi hutambua mambo machache mno: utamu wa sukari, chumvi, uchachu wa ndimu, uchungu wa shubiri, na ladha ya tano ambayo hadi leo huitwa kwa jina lake la Kijapani, umami. Jina hilo lilitolewa na mkemia Kikunae Ikeda wa Tokyo mwaka 1908, baada ya kutafuta ni kitu gani kinachoipa supu ya mwani ukolezi usioelezeka kwa chumvi wala kwa sukari, akakuta kuwa ni glutamati. Msomaji wa Kiswahili anaijua ladha hii hata kama hajapata kusikia jina lake: ndiyo inayokaa katika supu ya makongoro iliyotokota usiku kucha, katika mchuzi wa dagaa wakavu, na katika nyanya iliyoiva hadi ikawa nyekundu kabisa. Sisi husema tu kwamba supu hiyo ni tamu, kwa kuwa neno tamu kwetu hubeba sukari na pia kila kinachopendeza mdomoni, na kwa hiyo ladha hii ya tano hujificha ndani ya neno lile lile.

Hapa ni vyema kuondoa picha moja iliyochorwa katika vitabu vingi vya shule, inayoonyesha utamu ukihisiwa kwenye ncha ya ulimi na uchungu nyuma kabisa. Picha hiyo ilianzia katika utafiti wa Mjerumani David Hänig wa mwaka 1901, ambao uliona tofauti ndogo tu kati ya sehemu na sehemu. Mwaka 1942 Mmarekani Edwin Boring alizichora upya tofauti hizo kwa namna iliyozikuza kupita kiasi. Ukweli ni kwamba kila sehemu ya ulimi yenye vinundu vya kuonjea hutambua ladha zote tano.

Jambo la pili ni harufu, na ndilo kubwa kuliko yote. Jaribu nyumbani: bana pua kwa vidole viwili, kisha tafuna kipande kidogo cha mdalasini. Utahisi ukavu, utamu wa mbali, na kitu kama kipande cha mti. Achia pua, na mdalasini wote utakujia kwa mara moja. Harufu ilikuwa inapanda kutoka mdomoni kuelekea puani kwa njia ya nyuma ya koo, na ubongo ukaihesabu kuwa ni ladha ya ulimi. Ndiyo maana mtu mwenye mafua hulalamika kwamba chakula hakina ladha, ilhali ulimi wake ni mzima na chumvi anaihisi kama kawaida.

Jambo la tatu ni mwasho, na hapa lugha yetu imekuwa sahihi kuliko lugha nyingi, kwa sababu tunasema pilipili inawasha kama vile tunavyosema upupu unawasha. Pilipili haina ladha ya ukali. Ina kemikali iitwayo kapsaisini, ambayo hugusa kifaa kile kile cha mishipa ya fahamu kinachotoa taarifa mwili unapokutana na joto la nyuzi 43 na kuendelea. Kifaa hicho kilitambuliwa mwaka 1997 na timu ya David Julius wa Marekani, ambaye mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Mdomo hauungui, lakini ubongo umeambiwa kwamba unaungua, na jasho hutoka. Kapsaisini huyeyuka katika mafuta na haiyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo anayekimbilia glasi ya maji huusambaza moto mdomoni, na anayechukua mtindi huuzima. Mhindi anapoandaa bakuli la mtindi wenye matango kando ya mchuzi mkali ameweka dawa karibu na ugonjwa.

Jambo la nne ni mazoea, na hilo nitalirudia baadaye, kwa kuwa ndilo linaloamua mabishano mengi bila kutajwa.

Tukishayatenganisha mambo haya, tofauti ya majiko mawili huonekana. Kwa ujumla, mpishi wa Kihindi hujenga chakula chake kwa harufu, zikipangwa tabaka juu ya tabaka, na mpishi wa Kichina hukijenga kwa umami, kwa moto, na kwa namna chakula kinavyohisiwa chini ya jino. Nasema kwa ujumla kwa sababu nchi hizi ni kubwa mno, na kila kanuni ina mikoa inayoikataa.

Angalia sufuria ya adesi, ambazo Kenya huitwa kamande. Zimechemshwa kwa maji, manjano na chumvi hadi zimevunjika, na mpaka hapo ukizionja ni uji usio na msisimko. Pembeni, katika kikaango kidogo, samli inapashwa. Bizari nyembamba inaingia ikiwa nzima, inalia na kubadilika rangi. Inafuata pilipili kavu, kisha kitunguu saumu kilichokatwakatwa, na chembe ya mvuje, ambao ukiwa mbichi hunuka vibaya lakini ukikutana na samli ya moto hutoa harufu inayofanana na kitunguu kilichokaangwa. Kabla kitunguu saumu hakijaungua, samli yote pamoja na viungo vyake inamiminwa juu ya adesi, nayo sufuria inapiga kelele. Tendo hili Wahindi wengi huliita tadka, na siri yake ni kwamba kemikali nyingi za harufu zilizo katika viungo huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Mafuta, kwa hiyo, hayakutiwa kwa ajili ya unono peke yake, maana ndiyo yanayoibeba harufu hadi ikafika puani. Anayelalamika kwamba chakula cha Kihindi kina mafuta ana haki ya kuyaogopa kwa afya yake, na mikahawa mingi huyazidisha, lakini ajue kwamba akiyaondoa yote ameondoa na harufu.

Sasa chukua fungu la chainizi, mboga ya majani ambayo jina lake kwetu linaeleza ilikotoka, na ambayo leo huuzwa katika magenge mengi ya Dar es Salaam. Mpishi wa Kichina hulipasha karai tupu mpaka litoe moshi, humimina mafuta, hutupa vipande vya kitunguu saumu kwa sekunde chache, kisha majani yaliyokwisha kukung’utwa maji vizuri, kwa sababu maji yakibaki karai hupoa na mboga huchemka badala ya kukaangika. Huzigeuza haraka haraka, hutia chumvi, pengine na tone la sosi ya soya, na kabla ya dakika mbili kwisha mboga iko sahanini, rangi yake bado kijani cha shambani, bua lake likilia linapotafunwa. Wakantoni, watu wa kusini mwa China, wana jina la ile harufu ya moshi inayobaki katika chakula kilichopita kwenye moto wa namna hiyo: huiita wok hei, yaani pumzi ya karai. Anayesema mboga hii haijaiva anaipima kwa kipimo cha sufuria ya kwao, ambamo chainizi hiyo hiyo hupikwa kwa kitunguu na nyanya, mara nyingine kwa karanga zilizosagwa, hadi ilainike na kukubali kuchotwa na tonge. Kwa mpishi wa Kichina mlio ule ndio uliokusudiwa, na mboga iliyolainika kwake imeharibika.

Neno karai lenyewe limetujia kutoka kwa Wahindi, nao hukaanga humo vitu vingi; chombo cha Mchina kinafanana nalo kwa umbo. Tofauti imo katika muda na moto. Mmoja anakipa kiungo nafasi ya kuivia ndani ya mafuta polepole, mwingine anapigana na sekunde.

Umami wa Kichina hutoka wapi? Kwa sehemu kubwa hutoka katika vitu vilivyovundikwa au kukaushwa na kuachwa wiki, miezi, hata zaidi: soya iliyogeuzwa kuwa sosi, maharage yaliyochachushwa pamoja na pilipili, uyoga mkavu, kamba wakavu. Mtu aliyelelewa katika harufu za iliki na karafuu akionja samaki wa Kikantoni, aliyepikwa kwa mvuke na kutiwa tangawizi, majani ya kitunguu na sosi ya soya basi, husema hakuna kitu hapo. Kipo, ila hakipigi hodi puani. Kinakaa ulimini, na kinamtaka mlaji amwone samaki mwenyewe, kama ni mbichi au amelala. Hata hivyo si kweli kwamba Wachina hawatumii viungo. Mchanganyiko wao maarufu wa viungo vitano huwa na karafuu, mdalasini wa Kichina, shamari, kiungo chenye umbo la nyota, na pilipili ya Sichuan. Hii ya mwisho si pilipili hata kidogo. Ni maganda ya tunda la mti wa jamii ya michungwa, nayo hutia midomo ganzi. Watafiti wa London walionyesha mwaka 2013 kwamba mdomo ulioguswa na kiungo hicho huhisi kama unatikiswa takriban mara 50 kwa sekunde. Watu wa Sichuan, jimbo la kusini-magharibi mwa China, huiunganisha ganzi hiyo na mwasho wa pilipili na kuviita kwa neno moja, málà, ambamo má ni ganzi na là ni mwasho. Anayeamini kwamba chakula cha Kichina ni cha upole apelekwe Sichuan au Hunan.

Hilo linatuleta kwenye kosa la kuzungumza juu ya India moja na China moja. Kaskazini mwa China ngano ndiyo mfalme, na watu hula tambi, mikate ya mvuke na vifurushi vya unga vyenye nyama ndani; kusini ndiko kwenye wali. India nayo, kaskazini-magharibi ni nchi ya mikate ya ngano, mashariki na kusini ni nchi ya wali. Vivyo hivyo kwa nyama: katika uchunguzi wa Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2021, Wahindi waliojitaja kuwa hawali nyama walikuwa asilimia 39, kwa hiyo walio wengi hula, japo mara nyingi kwa miiko ya siku na ya aina ya nyama. Bengal haikai bila samaki. Kerala hupika samaki kwa nazi na kitu kichachu, na mtu wa Mombasa au wa Unguja akikaa kwenye meza hiyo hahitaji kuelezwa lolote.

Maziwa ndiyo mpaka ulio wazi zaidi kati ya majiko haya mawili. Samli, mtindi na jibini mbichi vimejaa katika chakula cha India, hasa kaskazini, ilhali katika jiko la kawaida la Kichina havina nafasi kubwa. Sababu mojawapo imo mwilini: Wachina walio wengi, wakishakuwa watu wazima, hawana tena uwezo mkubwa wa kuyeyusha sukari ya maziwa, na kati ya watu wa kaskazini-magharibi mwa India uwezo huo ni wa kawaida zaidi. Jambo hili linatugusa na sisi, kwa kuwa mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kuwa jamii za wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudani zinao uwezo huo kutokana na mabadiliko ya jeni yaliyo tofauti na yale ya Wazungu. Mtu akikataa mchuzi uliotiwa malai, tusiharakishe kumwita mwenye madeko. Huenda tumbo lake linamwambia ukweli.

Sasa tuje kwenye unga mweupe, ambao wengi huujua kwa jina la ajinomoto. Ni glutamati ile ile aliyoikuta Ikeda, ikiunganishwa na sodiamu ili iwe punje. Hofu juu yake ilianza mwaka 1968, daktari Robert Ho Man Kwok alipoliandikia jarida la kitabibu la Marekani akieleza ganzi ya shingo na mapigo ya moyo aliyoyapata baada ya kula katika mikahawa ya Kichina, huku akiuliza kama chanzo ni sosi ya soya, divai ya kupikia, glutamati au chumvi. Lilikuwa swali, watu wakalifanya jibu. Majaribio yaliyofuata, ambamo wahusika hawakujua ni nani amepewa glutamati na nani amepewa kitu kingine, hayakupata uhusiano unaojirudia kwa uhakika. Wachache wanaweza kupata dalili za muda mfupi wakimeza gramu 3 au zaidi bila chakula, kiasi ambacho si cha kawaida sahanini. Wenye kuuogopa unga huu kwa Mchina wangesoma pia kifungashio cha vidonge vya supu na viungo vya mchuzi vya paketi vilivyoko jikoni kwao, kwa maana vingi vinao. Tahadhari yenye msingi ni juu ya chumvi kwa jumla, hasa kwa mwenye shinikizo la damu, na hapo sosi ya soya inastahili kuangaliwa kuliko ule unga.

Imani nyingine ni kwamba pilipili ni urithi wa Wahindi tangu zamani. Pilipili zinazowasha, pamoja na nyanya na viazi mviringo, zilitoka Amerika. Wareno ndio walioifikisha pilipili India katika karne ya 16, na huko China maandishi ya kwanza yanayoitaja ni ya mwaka 1591, ambamo mwandishi Gao Lian anausifu mmea wake kwa kupendeza macho. Kabla ya hapo ukali wa chakula cha Kihindi ulitoka katika pilipili manga, tangawizi na haradali. Hata unga wa bizari wa dukani, ule wa pakiti moja kwa mchuzi wowote, ulienezwa na biashara ya Waingereza. Mpishi wa Kihindi huchanganya viungo vyake kulingana na kinachopikwa.

Linabaki swali la mtu binafsi: kwa nini ndugu wawili waliolelewa nyumba moja mmoja apende hiki na mwingine kile? Sehemu ni maumbile. Kuna watu ambao giligilani mbichi huwanukia sabuni, na utafiti umehusisha jambo hilo na jeni ya kipokea harufu iitwayo OR6A2. Kwa watu hao sahani nyingi za Kihindi, zinazomaliziwa kwa majani hayo, huharibika dakika ya mwisho. Lakini sehemu kubwa hujengwa mapema mno. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake, wa Philadelphia, walichapisha matokeo ya jaribio la akina mama waliokunywa maji ya karoti wakati wa ujauzito au wa kunyonyesha. Watoto wao, walipoanza kula, waliipokea nafaka yenye karoti vizuri kuliko watoto wa akina mama waliokunywa maji matupu. Mtoto huanza kufundishwa jiko la kwao kabla hajazaliwa. Watoto pia huhitaji kuonjeshwa chakula kigeni mara nane, kumi, hata zaidi, ndipo wakikubali. Mtu mzima aliyekwenda mkahawa wa Kichina mara moja akatoa hukumu bado hajajua kama hakipendi au hajakizoea.

Na sisi wa Afrika Mashariki tulikwisha kuzoezwa upande mmoja. Chapati, sambusa, bajia, achari, biriani na chai ya viungo zimekaa kwetu kiasi kwamba tunazihesabu kuwa zetu, nazo ni zetu. Zilikuja kwa majahazi ya pepo za msimu kwa karne nyingi, kisha kwa Wahindi wapatao 32,000 walioletwa kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, na kwa wenye maduka waliofuata. Wachina nao walikuja kwa wingi kujenga TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, miaka ya 1970 hadi 1975, lakini waliishi katika kambi zao, na majiko yao hayakufungua mlango wa mtaani. Kwa maoni yangu, hata hivyo, historia peke yake haitoshi. Kuna umbile la mlo. Sisi hula tonge: ugali, wali au chapati inayoshikwa kwa vidole na kuchovywa katika mchuzi mzito. Mlo wa Kihindi umejengwa hivyo hivyo. Mlo wa Kichina umejengwa kwa vijiti, kila kitu kimekatwa vipande vidogo jikoni, mchuzi ni mwepesi au haupo, na wali mweupe huliwa bila chumvi kando yake. Mkono wetu unapofika hapo haujui pa kuanzia, na mdomo huulaumu upishi.

Kwamba majiko haya yanaweza kukutana kumethibitishwa huko huko India. Wachina wa kabila la Hakka walihamia Kolkata wakafungua viwanda vya ngozi na mikahawa katika mtaa wa Tangra, wakajifunza kuwapikia majirani. Sahani maarufu kuliko zote za mkutano huo, kuku wa Manchuria, hutajwa kuwa ilibuniwa na Nelson Wang jijini Mumbai mwaka 1975: alianza na msingi wa jiko la Kihindi, yaani kitunguu saumu, tangawizi na pilipili mbichi, akaacha mchanganyiko wa viungo, akatia sosi ya soya na wanga wa mahindi mpaka mchuzi ukawa mzito. Huko Manchuria kwenyewe, kaskazini-mashariki mwa China, sahani hii haina asili, lakini huliwa kote India.

Kwa hiyo wenzangu wakiniuliza tena mwisho wa mwezi, yule anayelalamikia pilipili nitamwagizia korma ya kuku, ambayo ina harufu nyingi na mwasho kidogo, pamoja na bakuli la mtindi. Anayesema cha Kichina hakina ladha nitamwagizia mapo tofu ya Sichuan, jibini laini la soya lililozama katika mchuzi mzito wa maharage yaliyochachushwa, aule juu ya wali kwa kijiko. Chainizi ya kitunguu saumu nitaiagiza sahani moja, niiweke katikati, ili kila mmoja aionje ikiwa bado ya moto.